Kuchagua GPS ya mkononi kwa urubani wa burudani: mwongozo kamili

Dukani kila GPS inapendeza. Taa za dari ni hafifu, betri imejaa, kifaa kimetulia juu ya meza. Angani kifaa hicho hicho kinakutana na jua la saa saba mchana, hewa moto inayoirusharusha ndege, na rubani aliyevaa miwani ya jua ambaye ana sekunde mbili tu za kutazama chini kabla ya kurudisha macho nje. Orodha ya sifa iliyochapwa kwenye boksi haisemi lolote kuhusu sekunde hizo mbili. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye kiti cha rubani na kurudi nyuma hadi dukani.

Hatua ya 1: Amua kifaa kitafanya kazi gani

GPS ya mkononi haina kibali cha kuongoza ndege mawinguni kwa vyombo peke yake. Ni chombo cha msaada kwa anayeruka huku akiiona ardhi. Ndani ya mpaka huo zimebaki kazi mbili, na ni tofauti kabisa: kuwa ramani yako kuu inayotembea, au kuwa akiba ya siku umeme wa ndege utakapokatika. Kifaa cha akiba lazima kiwe na betri yake, antena yake na data yake. Kikitegemea chochote kutoka kwenye paneli, hata chaja tu, hicho si akiba.

Aina ya chombo unachorusha inabadilisha mahitaji kuliko watu wengi wanavyodhani.

Ndege ya injini yenye chumba kilichofungwa inahitaji ramani yenye mipaka ya anga dhibitiwa (anga linalosimamiwa na waongoza ndege), viwanja, masafa ya redio na vizuizi kama minara. Nafasi ipo, umeme upo, kwa hiyo skrini ya inchi 5 hadi 8 inafaa.

Glaida na paraglaida zinahitaji kitu ambacho GPS peke yake hailetei vizuri: kipimo cha haraka cha kupanda na kushuka. Mwinuko unaokokotolewa kutoka setilaiti una makosa makubwa kuliko nafasi ya mlalo, kwa sababu setilaiti zote unazozipokea ziko juu yako na hakuna hata moja chini ya miguu yako. Ukitafuta hewa inayopanda kwa robo mita kwa sekunde, kosa hilo linaficha kila kitu. Tafuta kifaa chenye kihisi cha mgandamizo wa hewa ndani yake, chenye sauti ya vario (mlio unaokuambia unapanda au unashuka), na kinachoandika safari kwa faili la IGC, muundo unaotakiwa kwenye mashindano na madai ya rekodi.

Maikrolaiti ya wazi inaleta mtetemo, vumbi, manyunyu na glavu. Hapa vitufe vinavyobonyea vinashinda skrini ya kugusa karibu kila mara. Rubani wa puto anataka vitu vichache: mwelekeo anaosukumwa, kasi yake, na umbali uliobaki hadi kwenye anga asiloruhusiwa kuingia. Kifaa kidogo kinamtosha.

Hatua ya 2: Chagua ukoo wa kifaa kabla ya kuchagua modeli

Koo ni tatu.

Wa kwanza ni vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya anga, mfano Garmin aera 660 yenye skrini ya inchi 5 na aera 760 yenye inchi 7. Faida yake ni kwamba kila kitu kimefikiriwa kwa ajili ya ndege: mwanga wa skrini, kiwango cha joto, waya wa umeme wa ndege, na kitufe cha kwenda moja kwa moja, ile herufi D iliyochomwa na mshale. Kasoro yake ni bei, na kwamba umefungwa kwenye data ya mtengenezaji mmoja.

Wa pili ni tableti au simu yenye programu ya urubani kama ForeFlight, SkyDemon au Garmin Pilot. Ramani zake ni nzuri, kupanga safari ni rahisi, na masasisho huja kwa intaneti. Lakini kuna mitego miwili. Kwanza, iPad ya Wi-Fi pekee haina kipokezi cha GPS. Yenye nafasi ya mtandao wa simu ndiyo inacho, hata kama hutaweka laini. Ukikaa nyumbani, ile ya Wi-Fi pekee bado itaonyesha mahali ulipo kwa kukisia kutoka kwenye vituo vya Wi-Fi vilivyo jirani, na utaamini iko sawa. Ukishapaa, alama ya ndege inaganda au inapotea. Pili ni joto. Apple wanataja nyuzi joto 0 hadi 35 kama kiwango cha kutumia iPad, na chini ya kioo cha mbele siku ya jua kiwango hicho kinapitwa haraka. Kifaa hupunguza mwanga, huacha kuchaji, na mwisho hujizima, hata ukiwa unakaribia kiwanja.

Ukoo wa tatu ni GPS za wapanda milima. Ni imara, hazipiti maji, na nyingi hukaa zaidi ya saa 20 kwa betri mbili za AA. Hazijui anga dhibitiwa ni nini. Kama ramani kuu hazifai, lakini kama akiba iliyo mfukoni, yenye viwanja vyako 30 vilivyoingizwa kwa mkono, ni vigumu kuzishinda. Hakikisha tu umezima hali ya kufuata barabara. Usipozima, kifaa kitakupangia njia ya gari hadi kiwanjani.

Kwa anayerusha ndege ya injini, mchanganyiko tunaoupendelea ni tableti kama ramani kuu na kifaa kidogo cha vitufe kama akiba. Vifaa viwili vya aina tofauti haviharibiki kwa sababu moja. Tableti mbili zinazofanana, zikiwa zimewekwa juani pamoja, zitazimika pamoja.

Hatua ya 3: Pima skrini, usiisome kwenye karatasi

Mwanga wa skrini hupimwa kwa niti. Tableti nyingi za kawaida ziko karibu na 400 hadi 600, na hizo zinasomeka ndani ya ndege yenye mabawa juu, zinasumbua kwenye ndege yenye mabawa chini na paa la kioo, na hazifai kwenye chombo cha wazi. Niti 1,000 na kuendelea ndipo skrini inapoanza kusomeka juani bila kuikinga kwa kiganja. Zipo pia skrini zinazoakisi mwanga wa jua badala ya kushindana nao. Ndani ya nyumba zinaonekana zimefifia, nje zinang'aa. Usizikatae kwa sababu ya sura yake dukani.

Fanya vipimo vitatu, na vyote vinawezekana mlangoni mwa duka. Toa kifaa nje juani, mwanga ukiwa mwisho, kiweke sentimita 70 kutoka machoni, na usome nambari ndogo kuliko zote kwenye ramani. Usipoisoma ndani ya sekunde mbili, hutaisoma ndege ikitikisika. Kisha vaa miwani yako ya kurukia, ile ile. Ikiwa ni ya kuchuja mng'ao, skrini inaweza kuwa nyeusi kabisa kwa upande mmoja. Izungushe kwa nyuzi 90 uone. Skrini zingine husomeka zikiwa wima na kupotea zikiwa zimelazwa, na hilo linaamua utakavyokifunga kwenye ndege. Mwisho, shika kifaa kwa mkono usioutumia sana, tikisa mkono kidogo, halafu jaribu kuandika jina la kiwanja. Hesabu makosa.

Hesabu pia miguso inayohitajika kwa jambo moja muhimu kuliko yote: kutoka skrini yoyote uliyomo hadi kuona kiwanja kilicho karibu zaidi, umbali wake na mwelekeo wake. Miguso miwili ni vizuri. Mitatu inavumilika. Ikizidi hapo, achana na kifaa hicho, kwa sababu kazi hiyo utaihitaji injini ikiwa imenyamaza.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya umeme

Muda wa betri unaotangazwa hupimwa kwa mwanga mdogo. Kwenye ndege mwanga uko mwisho na kipokezi hakipumziki, kwa hiyo panga kwa nusu ya muda ulioandikwa hadi utakapojipimia mwenyewe.

Kwa betri ya akiba, hesabu iko hivi. Betri ya mAh 10,000 kwa volti 3.7 ina wati-saa 37. Kupandisha volti hadi 5 na joto la waya hula sehemu yake. Chukulia zimebaki 30. Kifaa kinachotumia wati 6 kitapata saa 5. Betri za lithiamu hupungua nguvu kwenye baridi, na hazipaswi kuchajiwa zikiwa chini ya nyuzi joto 0. Kwa hiyo kwenye glaida iliyo juu sana betri ya akiba inakaa ndani ya koti.

Ukitumia umeme wa ndege, angalia mambo matatu. Kwanza volti. Ndege ndogo zina mfumo wa volti 12 au wa volti 24, na ule wa 24 hufika 28 injini ikizunguka. Chaja ya gari iliyoandikwa "12V" inaweza kuungua hapo. Tafuta iliyoandikwa kiwango chake wazi, mfano volti 10 hadi 32. Pili fyuzi: waya unaounganishwa moja kwa moja na mfumo wa ndege lazima uwe na fyuzi karibu na chanzo cha umeme, na kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni. Tatu kelele. Chaja za bei rahisi za USB hukatakata umeme kwa kasi kubwa na kutoa uchafu wa redio unaoangukia kwenye masafa ya ndege, kati ya MHz 118 na 137. Dalili yake ni redio inayoguna bila mtu kusema, au mnara wa waongoza ndege unaosikika dhaifu kuliko kawaida. Kipimo ni rahisi: ndege ikiwa chini, washa redio, fungua kichuja kelele, sikiliza, kisha chomeka na chomoa chaja mara kadhaa. Sauti ikibadilika, chaja hiyo irudi kwenye gari.

Hatua ya 5: Uliza data kabla ya kuuliza bei

Hapa ndipo wanunuzi wengi huumia. Kifaa kinalipwa mara moja. Data inalipwa kila mwaka.

Taarifa za anga duniani hubadilika kwa mzunguko unaoitwa AIRAC, wa siku 28, yaani mizunguko 13 kwa mwaka. Masafa hubadilika, mipaka ya anga husogezwa, njia za kurukia hufungwa. Ramani ya mwaka jana bado itaonyesha mto na mlima mahali pake, ila inaweza kukuingiza kwenye anga ambalo juzi lilikuwa huru. Data ya milima haizeeki kwa kasi hiyo. Ya minara huzeeka, maana minara mipya haichoki kuota.

Kabla ya kulipa, uliza: Je, data ya anga ya eneo unaloruka inapatikana kwa kifaa hiki? Si kila mtengenezaji anafunika kila nchi, na sehemu nyingine utapata ramani ya msingi yenye viwanja vikubwa tu. Je, unaweza kununua sasisho moja wakati wa msimu wako, au ni lazima usajili wa mwaka mzima? Sasisho linaingia kwa njia gani, Wi-Fi, waya au kadi? Na usajili ukikatika, kifaa kinaendelea kuonyesha data ya zamani au kinafunga ramani? Zidisha gharama ya mwaka kwa miaka mitano, jumlisha na bei ya kifaa, ndipo ulinganishe. Mara nyingi kifaa kilichoonekana ghali kinageuka kuwa sawa na kile cha bei nafuu.

Kwa programu za tableti, pakua kila kitu kabla ya kuondoka, halafu zima Wi-Fi na mtandao wa simu na ufungue ramani ya safari yote. Kipande kisichofunguka sasa hakitafunguka angani.

Hatua ya 6: Elewa mawimbi, ili ujue kinachokatika ni nini

Setilaiti za GPS ziko kilomita 20,200 juu, na mawimbi yanafika hapa yakiwa dhaifu mno. Kifaa kinahitaji setilaiti 4 ili kijue nafasi na mwinuko. Vipokezi vya sasa husikiliza pia mifumo mingine, GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China. Hii ina thamani ya kweli, kwa sababu bawa au mwili wako ukiziba upande mmoja wa anga, bado zimebaki setilaiti za kutosha.

Masahihisho ya ziada ya setilaiti, yanayopunguza kosa la nafasi, yana mipaka ya kijiografia. WAAS ni ya Marekani Kaskazini, EGNOS ya Ulaya, MSAS ya Japani, GAGAN ya India. Ukiwa mahali pasipofikiwa na mfumo wa aina hiyo, sifa hiyo kwenye boksi haikupi chochote, na kuiacha ikiwa imewashwa kunaweza kula betri bure. Usiilipie zaidi.

Kasi ya kusasisha nafasi ni jambo jingine linalopuuzwa. Kwa noti 100, ambazo ni maili za baharini 100 kwa saa, ndege inasafiri mita 51 kila sekunde. Kipokezi kinachosasisha mara 1 kwa sekunde kinatosha kwa safari. Kwa kuzunguka ndani ya hewa inayopanda, mara 5 au 10 kunafanya mchoro uende laini na kufuata zamu.

Mawimbi yakikatika, tafuta sababu kwa mpangilio huu. Kioo cha mbele chenye utando wa chuma wa kupasha joto huziba mawimbi. Hapo inahitajika antena ya nje au kipokezi cha Bluetooth kilichowekwa dirisha la pembeni. Redio yako yenyewe inaweza kuwa mkosaji: GPS iko MHz 1,575.42, na ukizidisha 131.250 mara 12 unapata 1,575.0, ukizidisha 121.175 mara 13 unapata 1,575.275. Kwa hiyo redio ikisema kwenye masafa ya karibu na 121.15 hadi 121.20, au 131.25 hadi 131.30, mwangwi wake unaweza kuizima GPS iliyo jirani. Dalili ni kupotea kwa nafasi kila unapobonyeza kitufe cha kusema na kurudi ukiachia. Sogeza antena mbali. Ikiwa nafasi inapotea kwa ndege zote za eneo hilo kwa wakati mmoja, huenda kuna mtu anayezuia mawimbi makusudi, na hapo dawa ni ramani ya karatasi, saa na dira.

Hatua ya 7: Hali ya hewa na ndege nyingine kwenye skrini

Fupi tu. Picha za mvua zinazoletwa kwa setilaiti au redio huchelewa, na muda unaoandikwa kwenye skrini unaweza kuhesabiwa tangu picha ilipounganishwa, si tangu rada ilipoiona mvua. Kuchelewa kunaweza kufika dakika 15 hadi 20. Itumie kuamua kuzunguka wingu lote, kamwe usiitumie kupenya katikati ya mawili. Kuhusu kupokea matangazo ya redio ya nafasi za ndege nyingine, MHz 1,090 hutumika duniani kote ilhali 978 ni ya Marekani; vipokezi vya 978 pekee havina faida kwingine. Na ndege isiyotangaza haionekani, hata kama iko mita 200 kutoka ulipo.

Hatua ya 8: Mahali pa kukifunga

Kifunge mahali ambapo macho yanashuka kidogo tu kutoka kwenye upeo. Kisizibe vyombo vya paneli, kisizibe njia ya kutokea, na usukani au fimbo vizunguke hadi mwisho bila kukigusa, mbele, nyuma na pande zote. Jaribu hilo ukiwa umekaa na kufunga mkanda. Vishikio vya kunyonya kioo huachia joto likipanda na hewa ikipungua mgandamizo juu. Panguza kioo kwa spiriti, na ufunge kamba fupi ya usalama. Kishikio cha kubana kwenye bomba au skrubu ni bora zaidi.

Halafu dira. Vifuniko vya tableti na spika vina sumaku. Ndege ikiwa imeelekea upande unaojulikana, tazama dira, weka kifaa mahali pake, kiwashe, tazama tena. Dira ikisogea, hamisha kifaa. Anza na umbali wa sentimita 30 na uongeze hadi sindano itulie. Watu hutumia GPS kama akiba ya dira na dira kama akiba ya GPS. Aibu ni moja kuiharibu nyingine.

Hatua ya 9: Mipangilio ya siku ya kwanza

Mfumo wa kumbukumbu ya ramani uwe WGS 84. Umbali maili za baharini, mita 1,852 kila moja. Mwelekeo uwe wa sumaku ili ulingane na dira, isipokuwa ramani yako inataka vingine.

Muundo wa latitudo na longitudo unastahili dakika kumi za utulivu, kwa sababu ndiyo chanzo cha makosa mengi ya kuandika. Nyuzi 12 na dakika 30.30 si sawa na nyuzi 12, dakika 30 na sekunde 30. Sekunde 30 ni nusu dakika, yaani 30.50. Tofauti ni dakika 0.20, ambayo kwa latitudo ni mita 370: unakosa njia ya kurukia. Ukichanganya nyuzi 12.30 na nyuzi 12 dakika 30, kosa ni maili za baharini 12, unakosa kiwanja na mji wake. Baada ya kuingiza kituo chochote kwa mkono, linganisha mwelekeo na umbali unaosomeka na ule uliopima kwenye karatasi.

Mwinuko wa GPS usiutumie kukaa chini ya anga dhibitiwa. Mipaka hiyo imewekwa kwa altimita, chombo kinachopima mwinuko kwa mgandamizo wa hewa, na altimita huhesabu kwa hewa ya kawaida. Kanuni ya kukadiria ni kwamba mwinuko wa kweli hupishana na wa altimita kwa asilimia 4 kwa kila nyuzi joto 10 za tofauti na hewa ya kawaida. Altimita inasoma futi 5,000 juu ya kituo, hewa ni moto kwa nyuzi 20 kuliko kawaida: uko karibu na futi 5,400 za kweli, na GPS itasema hivyo. Wenzako wote wako kwenye altimita. Ukifuata GPS utakuwa kwenye ghorofa ya mtu mwingine. Siku ya baridi mambo hugeuka, na hapo karibu na milima ndipo GPS inakupa onyo la maana.

Kasi inayoonyeshwa ni ya juu ya ardhi. Kwa kutua haina kazi. Upepo wa nyuma wa noti 15 unafanya nambari ionekane nono huku mabawa yakikaribia kuishiwa hewa.

Hatua ya 10: Jaribu ardhini, kisha angani na mwenzako

Kifaa kipya, kilichokaa miezi mingi, au kilichosafirishwa mbali, kinahitaji kupokea orodha ya setilaiti upya. Ujumbe mzima huchukua dakika 12.5. Kiweke uwanjani penye anga wazi kwa dakika 15 mara ya kwanza, usikiharakishe. Baada ya hapo, kupata nafasi kunapaswa kuwa chini ya dakika moja.

Tumia hali ya mwigo ikiwa ipo: ruka safari yako ya kawaida ukiwa umekaa kwenye kiti, na fanya kwa macho yaliyofumbwa kazi tatu, kwenda moja kwa moja, kiwanja kilicho karibu, na kubadili ukubwa wa ramani. Safari ya kwanza mpe mwenzako usukani au uruke eneo unalolijua kama kiganja chako. Chomoa umeme ukiwa angani na uandike saa. Wakati betri inapofika asilimia 20, andika tena. Hiyo ndiyo nambari yako ya kweli.

Ukinunua kilichotumika

Vifaa vya zamani kama Garmin GPSMAP 496 au 695 bado vinauzwa mkono wa pili, na vingine ni imara. Angalia tarehe kwanza. GPS huhesabu majuma kwa nambari inayorudi sifuri kila baada ya majuma 1,024. Ilirudi Agosti 1999 na Aprili 2019, na itarudi tena Novemba 2038. Kifaa ambacho programu yake haikusahihishwa kitaonyesha tarehe ya karibu miaka 20 iliyopita. Nafasi inaweza kuwa sahihi, lakini saa za machweo na uhai wa data vitakuwa ovyo, na kumbukumbu za safari hazitakubalika.

Kisha uliza kama mtengenezaji bado anatoa data kwa modeli hiyo. Jibu likiwa hapana, kinunue kama akiba ya viwanja tu, kwa bei ya akiba. Fungua mlango wa betri: kutu ya kijani kwenye vibano husafishika, betri iliyovimba inabadilishwa kabla ya kupaa. Tikisa soketi ya umeme huku ikichaji, kwani soketi iliyolegea ndiyo maradhi ya kawaida ya vifaa vilivyoishi kwenye ndege. Pitisha kidole skrini nzima, kona kwa kona, ukivuta alama ya ramani. Sehemu isiyoitikia utaiona hapo hapo. Mwisho, futa vituo vyote vya mwenye nacho wa zamani na urudishe mipangilio ya kiwandani, maana kituo alichokiita "NYUMBANI" kitakupeleka kwake.